Tani Moja ya Hewa Kila Sekunde

Tarehe 4 Machi 2022, helikopta ya uokoaji ya walinzi wa pwani wa Uingereza ilikuwa ikishuka kwenye kiwanja cha hospitali ya Derriford mjini Plymouth, ikimleta mgonjwa. Ilikuwa Sikorsky S-92, chombo kinachofikia tani 12 kikijaa. Kando ya kiwanja kulikuwa na maegesho ya magari, na watu walikuwa wakipita huko kwa shughuli zao za hospitali. Helikopta ikashuka, na watu kadhaa wakaangushwa chini. Mwanamke mmoja wa umri mkubwa alifariki kwa majeraha aliyoyapata, na mwingine akaumia vibaya. Hakuna aliyeguswa na panga la helikopta. Chombo hakikuanguka wala hakikugonga kitu. Kilichowaangusha watu wale ni hewa tupu.

Wachunguzi wa ajali za anga wa nchi hiyo, AAIB, waliandika baadaye kwamba kiwanja kilijengwa kwa kufuata miongozo ya wakati wake, ila miongozo yenyewe haikulishughulikia vya kutosha suala la upepo unaoshuka chini ya helikopta. Maneno hayo yanastahili kusomwa polepole. Kiwanja kilitimiza masharti yote, na bado mtu alikufa akipita zake.

Anayepokea helikopta ya wagonjwa hupewa orodha ndefu ya makatazo: usipite nyuma, usikimbie, shika kofia, usimulike taa juu, usisogee mpaka uitwe. Orodha za namna hiyo hukaririwa siku ya mafunzo na kusahaulika siku ya tukio, kwa sababu mtu amepewa majibu bila kuonyeshwa hesabu. Hapa tufanye kinyume: tuanze na hesabu, tuone ni makatazo mangapi yatajitokeza yenyewe.

Swali la kwanza ni la kitoto, na ndilo lenye kila kitu ndani yake. Chombo cha tani mbili kinasimamaje angani bila kushikiliwa na kitu? Juu hakuna kamba, chini hakuna nguzo. Kuna hewa tu, na hewa haikubali kukaliwa. Inakubali kusukumwa. Isaac Newton alilieleza jambo hili mwaka 1687: ukikisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa nguvu ileile upande wa pili. Basi mapanga ya helikopta yameinamishwa kidogo ili kila yanapozunguka yaitupe hewa chini, na hewa katika kutupwa chini inakisukuma chombo juu. Nguvu inayopatikana inategemea mambo mawili tu: ni kilo ngapi za hewa zimetupwa kila sekunde, na zimetupwa kwa kasi gani. Zidisha moja kwa jingine, umeipata.

Tuweke tarakimu. Chukua helikopta ya Airbus H125, ambayo wengi bado wanaijua kwa jina la zamani, AS350. Ni ya ukoo uleule uliotua kwenye kilele cha Everest tarehe 14 Mei 2005, rubani akiwa Didier Delsalle, na ni aina inayofahamika pia kwa wanaookoa watu Kilimanjaro. Ikijaa ina kilo 2,250. Mapanga yake matatu yanachora duara lenye kipenyo cha mita 10.7, yaani eneo la karibu mita za mraba 90. Pwani, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.2 hivi.

Ili chombo hicho kielee mahali pamoja, hewa inabidi ipite kwenye duara la mapanga kwa kasi ya kama mita 10 kwa sekunde. Mita za mraba 90 mara mita 10 ni mita za ujazo 900. Zidisha kwa uzito wa hewa, unapata kama kilo 1,100. Hewa hiyo haiishii hapo. Ikiwa chini ya mapanga huendelea kuongeza mwendo mpaka ifike karibu mita 20 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 72 kwa saa. Sasa zidisha kilo 1,100 kwa mita 20: unapata 22,000, na hicho ndicho kiasi cha nguvu, kwa kipimo cha niutoni, kinachohitajika kubeba kilo 2,250. Hesabu imefunga.

Kwa hiyo helikopta ndogo ya wagonjwa, ikiwa imetulia kabisa machoni pako, inamwaga zaidi ya tani moja ya hewa kila sekunde. Haiwezi kuacha. Rubani mpole na rubani mkali wanamwaga kiasi kilekile, maana siku hewa hiyo isipomwagwa, chombo kinashuka. Hakuna maendeleo ya ufundi yatakayoiondoa. Kelele zinaweza kupunguzwa, moshi unaweza kupunguzwa, lakini upepo wa chini ndio bei ya kuelea.

Kutoka hapo kuna njia ya mkato inayonifurahisha kila ninapoifikiria. Ukifuatilia hesabu yote, utakuta kwamba msukumo wa upepo ule juu ya kila mita ya mraba ya kitu kinachoukinga ni sawa na uzito wa helikopta kugawanywa kwa eneo la duara la mapanga yake. Basi. Kwa H125, kilo 2,250 gawanya kwa 90 ni kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Kwa S-92 iliyojaa, tani 12 juu ya duara lenye kipenyo cha mita 17.2 ni kama kilo 52. Mpokeaji hana haja ya kupima upepo. Akijua aina ya chombo kinachokuja, uzito wake na urefu wa mapanga yake, anaweza kujua kabla hakijaonekana angani kama kiwanja alichozoea kinatosha au la. Chombo chenye uzito mkubwa na duara dogo ndicho cha kuogopwa.

Hewa ile inashuka, na chini kuna ardhi. Itaenda wapi? Fungulia maji ya bomba juu ya sakafu ya saruji: yanashuka wima, yakifika chini hayana budi kugeuka na kutambaa pande zote kama sahani inayopanuka. Hewa ya helikopta hufanya hivyohivyo. Karibu na ardhi haiwi tena upepo wa kushuka bali upepo wa kutambaa, nao huwa na nguvu zaidi si chini ya mapanga bali kando, umbali unaokaribia kipenyo cha duara la mapanga kutoka katikati ya chombo. Ndiyo maana mtu aliyekaa pembeni akidhani yuko salama kwa kuwa mapanga hayamfikii, mara nyingi amekaa mahali penye upepo mkali kuliko kwingine.

Kuanzia hapo upepo hulegea kadiri unavyosambaa, kwa kadirio la karibu: umbali ukiwa maradufu, kasi inabaki nusu. H125 inayotoa mita 20 kwa sekunde kwenye umbali wa mita 10 itabakiwa na mita 10 kwa sekunde kwenye umbali wa mita 20, na mita 7 hivi kwenye umbali wa 30. Huo wa mwisho unapeperusha kofia na vumbi. S-92 iliyojaa ni habari nyingine: inaanza na karibu mita 29 kwa sekunde, na kwa umbali wa mita 34 kutoka katikati bado upepo ni mita 14 au 15 kwa sekunde. Hizi ni hesabu za karatasi. Upepo halisi huja kwa mikupuo inayozidi wastani, na upepo wa asili unaweza kuuongezea upande mmoja.

Je, mita 15 kwa sekunde zinamwangusha mtu? Mchukue mtu wa kilo 50 aliyesimama wima. Kutoka chini ya kitovu cha uzito wake hadi ukingo wa nyayo zake kuna kama sentimita 15. Upepo unamsukuma katikati ya mwili, kama sentimita 80 kutoka ardhini. Upepo una mkono mrefu zaidi ya mara tano, kwa hiyo kilo 9 na ushei za msukumo zinatosha kumpindua asipojiinamisha kuukabili. Mwili wa mtu aliyevaa nguo huukinga upepo kwa eneo la kama sehemu saba za kumi za mita ya mraba, na mita 15 kwa sekunde juu ya eneo hilo hutoa takriban kilo hizohizo 9 au 10. Kijana huinama mbele kabla hajafikiri, miguu yake ikatafuta pa kukanyaga. Mzee anayetembea kwa mkongojo hawezi, mjamzito inamuwia vigumu, na mtoto ni mwepesi zaidi ya hesabu yetu. Wapita njia wa hospitalini ni watu gani, kama si hao?

Sasa tazama kipimo kinachopendwa na wengi, kiwanja cha mita 30 kwa 30. Ukingo wake uko mita 15 kutoka katikati. Kipimo hicho ni nafasi ya chombo kutua bila kugonga kitu. Si mstari wa watu kusimama. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa linalorudiwa zaidi katika kupanga viwanja vya dharura: mtu anachora mraba wa chombo, kisha anauzungushia watazamaji ukingoni, palepale penye upepo mkali. Umati unahitaji mita 50 au 60 kwa helikopta ndogo, na zaidi kwa kubwa.

Mtu atauliza: Kilimanjaro je? Kule juu hewa ni nyepesi, huenda na upepo ukawa mwepesi. Kambi ya Barafu iko karibu mita 4,700, ambako mita ya ujazo ya hewa ina kilo robo tatu hivi badala ya 1.2. Lakini chombo hakijapungua uzito kwa sababu hewa imepungua. Ili kiendelee kuelea, kinalazimika kuitupa hewa hiyo kidogo kwa kasi zaidi: karibu mita 26 kwa sekunde badala ya 20. Wepesi wa hewa na ongezeko la kasi vinafutana, na msukumo juu ya mtu unabaki uleule, kilo 25 kwa mita ya mraba, kwa kuwa ile njia ya mkato haikuwa na urefu wa mlima ndani yake. Kinachobadilika ni kazi ya injini. Kuitupa hewa kwa kasi zaidi kunakula nguvu zaidi ya injini, na injini nayo inavuta hewa hiyohiyo haba. Rubani anabaki na akiba ndogo sana, na ndiyo sababu hupunguza mafuta na vifaa, humchukua mgonjwa mmoja badala ya wawili, na hataki kuelea akisubiri watu waondoe mahema. Wapagazi waliomshusha mgonjwa kwa machela ya gurudumu moja hadi kambini wanapaswa kuwa wamekwishaufunga mzigo na kuulalia kabla mlio haujasikika. Hema lililo wazi katika upepo wa aina hiyo ni tanga, na tanga likiruka juu likanaswa na mapanga, wote wanaangamia pamoja.

Vitu vilivyolegea ni mlango wa ajali nyingi. Bati moja la kuezekea lisilopigiliwa vizuri lina eneo la karibu mita mbili za mraba na uzito wa kilo chache tu. Upepo unaosukuma kilo 25 kwa kila mita ya mraba hauna kazi kubwa ya kulinyanyua. Uwanja wa mpira wa shule unavutia kwa upana wake, lakini tazama madarasa yaliyo upande wa pili na vibanda vya chakula nje ya uzio. Tazama pia watu wako mwenyewe: khanga, kofia, makaratasi ya rufaa, shuka la mgonjwa, godoro la machela lisilofungwa mkanda, milango ya gari la wagonjwa iliyoachwa wazi. Kofia ngumu isiyo na kamba ya kidevuni ni mbaya kuliko kutokuwa na kofia, maana ikipeperuka mwenyewe huikimbilia, na mtu anayekimbilia kofia haangalii mkia wa helikopta uko wapi. Macho yafunikwe kwa miwani; ya mgonjwa pia, na masikio yake yazibwe.

Penye mchanga kuna jambo zaidi. Hewa inayotambaa ikifika mbali hujikunja juu na kurudi kuingia kwenye mapanga kutoka juu, ikabeba vumbi na kulizungusha. Katika ardhi kavu kama ya Turkana au Garissa, sekunde chache kabla ya kutua rubani anaweza kujikuta ndani ya wingu lisilo na juu wala chini. Shida yake haiishii kwenye kutoona. Vumbi linalokwenda mbele ya macho linaudanganya ubongo kwamba chombo ndicho kinachokwenda kando, na mkono wake unataka kurekebisha mwendo ambao haupo. Anachokitafuta wakati huo ni kitu kimoja kisichosogea: jiwe kubwa, kichaka, mtu aliyepiga goti na kutulia. Mpokeaji anayerudi nyuma kukwepa vumbi amemnyang'anya rubani nanga yake. Gari la zimamoto likiwepo, maji yamwagwe mapema, ardhi ilowe sawasawa na si juu juu. Lisipokuwepo, majani mafupi ni bora kuliko udongo mtupu ulio tambarare safi.

Nimekaa sana kwenye hewa kwa sababu haionekani. Mapanga watu huyaogopa bila kufundishwa, ingawa huyaogopa kwa wakati usio wake. Yakiwa kwenye kasi kamili yamenyooka na yako kama mita tatu juu. Kinachoyanyoosha ni mzunguko: rota ya H125 huzunguka karibu mara 390 kwa dakika, na kwenye ncha kila gramu ya panga huvutwa nje kana kwamba uzito wake umezidishwa mara 900. Mvuto huo hufuata mraba wa kasi. Mzunguko ukipungua nusu, mvuto unabaki robo. Ukipungua hadi robo, unabaki sehemu moja ya kumi na sita. Panga ni refu na laini. Mvuto ukilegea linainama kwa uzito wake mwenyewe, na upepo wa ghafla unaweza kulishusha zaidi hadi kimo cha kichwa. Kwa hiyo dakika ya hatari ni ile ambayo watu wanaona mambo yamekwisha: injini imenyamaza, mlio umepungua, mapanga yanazunguka kivivu. Na kabla ya hapo, injini za helikopta kama hizi hupewa muda mfupi wa kupoa kwa mwendo mdogo kabla ya kuzimwa. Subiri yasimame kabisa, au subiri mhudumu wa ndani aje akuchukue mwenyewe. Kwenye sinema kila mtu huinama na kukimbia chini ya mapanga. Kuinama ni sawa. Kukimbia kunaharibu faida yote ya kuinama, maana anayekimbia akijikwaa hunyanyua mikono.

Mikono ndiyo inayosahaulika hata na wauguzi hodari. Mgonjwa ana dripu, na mtu amezoea miaka yote kuinyanyua chupa ili maji yashuke. Chini ya helikopta chupa inalazwa juu ya mgonjwa na kufungwa, hata kama dripu itasimama kwa dakika mbili. Fimbo ya kuning'inizia dripu isikaribie kabisa. Machela yabebwe chini, usawa wa kiuno.

Mteremko unageuza hesabu ya kimo. Ikiwa ardhi imeinama nyuzi 10, ukienda mita tano upande wa mlimani umepanda karibu sentimita 90. Mita tatu za nafasi zimebaki mbili na kidogo, kabla hujahesabu panga lililoinama wala upepo. Upande wa bondeni umejiongezea kiasi hichohicho. Basi huingii wala hutoki kwa upande wa mlimani, hata kama njia fupi ya kwenda kwenye gari iko huko.

Mkia una hadithi yake, na ni Newton yuleyule. Injini inapoyazungusha mapanga upande mmoja, mapanga nayo yanajaribu kuuzungusha mwili wa chombo upande wa pili. Rota ndogo ya mkiani ipo ili kuuzuia mwili usigeuke. Kwa kuwa ni ndogo, lazima izunguke upesi: kwenye H125 ni kama mara 2,000 kwa dakika, zaidi ya mara 33 kwa sekunde. Ina mapanga mawili, kwa hiyo jicho lako linapitiwa na panga zaidi ya mara 66 kila sekunde. Jicho la mtu likipitiwa na kitu zaidi ya mara 50 au 60 kwa sekunde, huacha kuona vipande na huona ukungu mwepesi unaopenyeka, na nuru ikiwa kali halioni chochote. Rota hiyo iko kwenye kimo cha mwili wa mtu, na mlio wake umemezwa na mlio mkubwa. Hakuna mlango wowote wa hisia uliobaki wa kukuonya. Hivyo kanuni inakuwa ya mahali: uende unapoonwa na rubani, mbele au ubavuni, baada ya kukubaliwa kwa ishara ya mkono, na kurudi kwa njia ileile.

Zipo helikopta zilizofungia rota ya mkia ndani ya duara, kama H135, na zipo zenye mkia ulioinuliwa juu na milango ya kupakilia machela nyuma, kama EC145. Kwa hizo wahudumu wenyewe hupita nyuma kila siku. Ukiwaona wanapita, usichukulie kuwa ni ruhusa yako. Wanakijua chombo chao kwa sentimita. Subiri uongozwe.

Kuhusu upepo wa asili, rubani hupenda kutua akiuelekea. Hewa inayoingia ikiwa tayari ina mwendo, mapanga hupata kilo nyingi zaidi za hewa kila sekunde, na kila kilo haihitaji kutupwa kwa nguvu sana. Anabakiwa na akiba ya injini. Kwa hiyo mpokeaji anasimama ukingoni, mgongo wake ukiupokea upepo na uso ukimtazama rubani anayekuja. Kwenye redio mwambie upepo unatoka wapi kwa kutaja kaskazini au mashariki. Maelezo ya "upande wa kule kwenye mwembe" hayamsaidii mtu aliye juu ya miembe mia.

Jambo la pili la kumwambia ni nyaya. Wewe uliye chini unauona waya kwa urahisi kwa sababu nyuma yake kuna anga jeupe. Yeye anautazama kutoka juu, nyuma yake kuna vichaka na udongo wa rangi ileile, na waya wa unene wa kidole unapotea kabisa. Marubani hutafuta nguzo, kisha huuwazia waya kati yake. Nguzo iliyofichwa na miti haitafutiki. Hapa mtu aliye ardhini anaona bora kuliko aliye hewani, na ni wajibu wake kuzunguka kiwanja kizima kwa miguu akitazama juu kabla ya kusema kiko wazi.

Usiku, uwezo wa macho ya rubani kuona unategemea kemikali inayoitwa rodopsini, ambayo huchukua dakika 20 hadi 30 kujijaza gizani na huharibiwa na mwanga mkali mara moja. Tochi moja ya simu inayomlenga, au taa ya kamera ya anayetaka picha ya kumbukumbu, inamrudisha mwanzo akiwa mita chache kutoka ardhini. Akivaa miwani ya kuonea usiku, mwanga huo unakuzwa zaidi. Taa zimulike ardhi. Magari mawili yaweza kuinamisha taa zao zikakutana katikati ya kiwanja.

Pale ambapo mtu huvutwa kwa kamba ya winchi badala ya chombo kutua, kuna umeme tuli. Mapanga yakisuguana na vumbi, mvua au theluji hukusanya chaji, na chombo kilicho hewani hakina pa kuimwagia. Ndoano iachwe iguse ardhi au maji kwanza, kisha ndiyo ishikwe. Na isifungwe kwenye kitu kisichoweza kunyanyuka.

Afrika Mashariki imezoea tiba ya angani tangu 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walipoanzisha Nairobi huduma ya madaktari wa kuruka iliyokuja kuwa AMREF. Lakini hiyo kwa sehemu kubwa ni kazi ya ndege za mabawa, zinazotua kwenye viwanja vya ndege vya porini vilivyo na njia yake na watu wake. Helikopta inakwenda mahali ambapo jana hapakuwa kiwanja. Mwalimu mkuu, askari wa kituo, mhudumu wa zahanati, wote hugeuka wahudumu wa ardhini kwa nusu saa. Na umati wetu una desturi yake: msimu wa kampeni, chopa ikishuka, watoto wanaikimbilia kabla haijagusa nyasi, na wagombea hupenda ionekane hivyo. Mtoto aliyejifunza hapo kwamba chopa ni ya kukimbiliwa ataikimbilia pia ile ya wagonjwa. Ningepewa kuchagua kati ya fulana kumi zinazong'aa na watu wazima wanne wanaoheshimika mtaani wenye kamba ndefu na sauti, ningechukua hao wanne. Wawekwe wakitazama umati, migongo yao kwa helikopta, kwa sababu hatari wanayoizuia inatokea upande wa watu.

Mgonjwa akishapakiwa na mlango kufungwa, wengi huona kazi imekwisha na kamba huteremshwa. Kwa upande wa hewa, kazi ndiyo inaanza upya: chombo sasa ni kizito kuliko kilivyokuja, na kuinuka kunataka hewa nyingi kupita kushuka. Vitu vilivyofunguliwa vifungwe tena, machela yaliyobaki yalazwe chini na kukaliwa. Chombo kikishapotea nyuma ya miti, kiwanja kiachwe kitupu kwa dakika chache zaidi na redio ibaki wazi, kwa kuwa taa ya hadhari ikiwaka au mgonjwa akibadilika, mahali pa karibu ambapo rubani anajua nyaya zote zilipo ni palepale alipotoka.